Kumsindikiza mkimbizi kliniki: mwongozo kwa wasemaji wa Kiswahili wanaojitolea Marekani

Mama mmoja wa Fizi aliniambia tukiwa kwenye viti vya kusubiria, "Mwanangu, tumbo inaniumaka." Nilipoingia naye ndani nikamwambia nesi kwamba tumbo linamuuma. Daktari akauliza jana alikula nini, akaandika dawa ya kiungulia, tukarudi nyumbani. Baada ya wiki mbili, tukiwa jikoni kwake tunachambua sombe (kisamvu), ndipo alipoeleza vizuri. Maumivu yalikuwa chini ya kitovu, yalikuja kila mwezi, na yalianza alipojifungua mtoto wake wa mwisho kambini, miaka sita kabla. Yote hayo alikuwa ameshaniambia kwa silabi moja, ile "ka" ya mwisho. Katika Kiswahili cha Kongo "inaniuma" ni sasa hivi, na "inaniumaka" ni jambo la kawaida yake, linalokuja na kurudi. Mimi nimekulia Kigoma na nilidhani namwelewa.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayesema Kiswahili, Mtanzania, Mkenya au Mkongo uliyetangulia kufika, unayejitolea kuzisaidia familia za Wakongo zilizohamishiwa Marekani kutoka kambi kama Nyarugusu ya Tanzania. Tangu 2016 kuna miaka kadhaa ambapo Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi waliopokelewa huko. Mapokezi ya wapya yalisimamishwa kwa sehemu kubwa Januari 2025, lakini familia zilizokwisha kufika bado zina miadi, vidonge vya kumeza na watoto wa kupeleka chanjo. Anayeitwa kuwasaidia kwanza ni mtu wa lugha yao, na lugha hiyo hiyo ndiyo inayotupotosha, kwa sababu tunaacha kuuliza.

Hatua ya 1: Ijue njia waliyopita

Usianze na ugonjwa. Anza na safari. Wengi wa Nyarugusu walitoka Kivu Kusini, upande wa Fizi, Baraka na Uvira, wakavuka Ziwa Tanganyika kuja Kigoma. Kambi ilifunguliwa 1996 wilayani Kasulu, kwa hiyo kijana wa miaka 25 unayemsindikiza huenda amezaliwa humo na Kongo hajawahi kuiona. Mama yake alijifungua kwenye kituo cha afya cha kambi. Chakula kilikuwa cha mgao: unga wa mahindi, maharage, mafuta, chumvi. Ukijua hayo utaelewa kwa nini safura, yaani upungufu wa damu, ni ya kawaida kwa akina mama na watoto, kwa nini meno ya wazee yameachwa miaka mingi bila kutazamwa, na kwa nini mtu anashangaa kuulizwa "daktari wako ni nani". Kambini mtu hakuwa na daktari wake, alikuwa na foleni.

Jua pia kwamba hakuna aliyepanda ndege bila kupimwa. Kabla ya safari kila mkimbizi hupitia uchunguzi wa afya. Wenye miaka 15 na zaidi hupigwa picha ya kifua kutafuta kifua kikuu, na watoto kuanzia miaka 2 hupimwa kwa damu. Anayekutwa na TB inayoambukiza hutibiwa kwanza, ndipo asafiri. Kwa watokao Afrika hutolewa albendazoli ya minyoo, prazikwanteli ya kichocho, na dawa ya mseto ya malaria siku chache kabla ya kuondoka. Baadhi ya wajawazito na watoto wachanga hurukwa kwenye baadhi ya dawa hizo. VVU haimzuii mtu kuingia Marekani tangu tarehe 4 Januari 2010, lakini bado nakutana na watu wanaoficha vidonge vyao kwa kuamini kwamba wakijulikana watarudishwa. Waambie ukweli huo mapema, na uwaambie wote, bila kumlenga yeyote.

Hatua ya 2: Utafute ule mfuko

Kila familia ilishuka uwanja wa ndege na mfuko wa plastiki, mweupe na buluu, wenye nembo ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Ndani yake mna fomu za uchunguzi, kadi za chanjo, na pengine diski yenye picha ya kifua. Familia nyingi huuhifadhi vizuri mno, chini ya godoro au juu ya kabati pamoja na vyeti vya ubatizo, kisha huenda kliniki mikono mitupu kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ni wa kliniki pia.

Omba muufungue pamoja, kwa ruhusa ya mwenyewe, mezani. Usisome kwa sauti fomu ya mtu mzima mbele ya watoto au wageni. Panga karatasi za kila mtu peke yake, piga nakala, halisi zirudi mfukoni. Kadi ya chanjo ishughulikie kwa makini ya pekee. Ikipotea, mtoto atachomwa upya sindano alizokwisha kuchomwa, shule itamzuia mlangoni, na baada ya mwaka mmoja, familia ikiomba ukaazi wa kudumu, watadaiwa chanjo zile zile.

Hapo mezani angalia tarehe na majina. Wengi wameandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu siku yenyewe haikujulikana. Kwenye familia ya watu tisa, sita wakiwa na tarehe hiyo na jina la ukoo likiwa moja, faili huchanganyika kwa urahisi. Nimeshuhudia matokeo ya damu ya kaka yakisomwa kwa mdogo wake. Kila mnapofika dirishani taja jina lote, na mtake mfanyakazi alisome tena.

Hatua ya 3: Weka kidole

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi.

Kiswahili chetu kinasema "mguu" kuanzia nyonga hadi vidole, "mkono" kuanzia bega hadi kucha, na "tumbo" kwa kila kilichomo kati ya kifua na mapaja, mfuko wa uzazi ukiwemo. Kiingereza cha kliniki kinavikata viungo hivyo vipande vipande. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri neno lolote la maumivu sema, "Mama, niwekee kidole pale panapouma." Halafu uliza lini lilianza, linakuja mara ngapi, na likija linakaa muda gani. Kwa matukio ya mbali usidai tarehe. Uliza, "Ulikuwa umeshavuka ziwa?" "Mtoto yupi alikuwa mgongoni?" Utapata mwaka sahihi kuliko ambao ungetajiwa.

Neno "homa" lishike kwa mikono miwili. Mtu anaweza kuwa na maana ya joto la mwili, mafua, au malaria yenyewe. Halafu kuna homa ya matumbo, ambayo ni taifodi, homa ya ini, na homa ya manjano, kila moja ugonjwa wake na chanjo yake. Nimewahi kumsikia mtu akijibu kwamba amechanjwa homa ya ini, kumbe alikuwa na kadi ya homa ya manjano. Mambo mawili tofauti kabisa, na homa ya ini aina ya B ni moja ya magonjwa ambayo wakimbizi kutoka kwetu wanapaswa kupimwa wakifika. Usimtegemee mtu kukumbuka, tazama kadi.

Kuna maneno ambayo wewe na Mkongo mnayatumia yote mawili, kila mmoja kwa maana yake. "Bibi" kwao ni mke. Daktari akiuliza magonjwa ya ukoo na mzee akajibu kwamba bibi yake ana sukari, Mtanzania atatafsiri "grandmother", na historia ya ukoo itakuwa imeharibika hapo hapo. "Munganga" ni daktari wa hospitali; usimfanye wa kienyeji. Presha wengi huiita "tansio", kwa kufuata Kifaransa. Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, hasa kwa waliosoma, ni "drepanositozi". Na mwanamke yeyote mtu mzima mwite mama. Ukimwita bibi kwa heshima ya kwetu, atakutazama ajabu.

Kisha kuna saa. Barua inasema miadi ni 8:00 asubuhi. Kwa Mtanzania hiyo ni saa mbili. Waliolelewa Nyarugusu husema hivyo pia, lakini wapo Wakongo waliozoea kuhesabu saa kama Wafaransa, na watoto wa shule tayari wanaitaja kama Wamarekani. Ukimwambia mtu "saa nane" umempa nyakati mbili tofauti za kuchagua. Mimi huchora uso wa saa kwenye barua yenyewe, mishale miwili, na jua linalochomoza pembeni. Tangu nianze kuchora, waliokosa miadi kwa ajili ya saa siwakumbuki.

Hatua ya 4: Mdai mkalimani, hata kama wewe upo

Hospitali au kliniki inayopokea fedha za serikali kuu ya Marekani inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kumwezesha mgonjwa asiyejua Kiingereza kuelewana nao, na mkalimani ni bure. Mwombe siku ya kupanga miadi, na umkumbushe mfanyakazi tena mkifika. Mara nyingi atakuwa wa simu au wa kwenye skrini. Taja kwamba ni Kiswahili cha Kongo. Ukiona mgonjwa ananyamaza baada ya kila swali, au anajibu "ndiyo" kwa kila kitu, simamisha mazungumzo na umwambie daktari kwamba hawaelewani. Banyamulenge wengi husaidiwa vizuri zaidi na mkalimani wa Kinyarwanda. Mkalimani wa Kibembe, lugha ya Wabembe wa Fizi, ni mgumu kupata, na baadhi ya akina mama wazee ndicho wanachokitegemea. Hapo ndugu mtu mzima aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe anaweza kusaidia.

Mtoto asitumike. Nasema hivi nikikumbuka binti wa miaka kumi na mbili aliyetakiwa amwambie mama yake kwamba ujauzito umeharibika. Mtoto alimtazama mama, akamtazama daktari, akasema "mtoto amelala". Sheria ya afya ya Marekani inakataza watoto kutafsiri isipokuwa kwa dharura, nawe una haki ya kulisema hilo kwa upole na kwa sauti inayosikika.

Basi kazi yako chumbani ni ipi? Kaa pembeni ya mgonjwa, usawa wake, ukiwa na orodha mliyoiandika nyumbani: mambo matatu anayotaka kuuliza, dawa anazotumia, pamoja na za kienyeji. Za kienyeji ziulize bila kukunja uso. Wajawazito waulize pia kuhusu udongo wa kula, maana una uhusiano na upungufu wa damu, na udongo unaouzwa madukani huweza kuwa na madini ya risasi. Na inapofika habari ya uzazi, kipimo cha sehemu za siri au yaliyompata mtu vitani, uliza kama unatakiwa kutoka. Wanawake wengi wa Kivu wamefanyiwa ukatili wasioutaja hata kwa dada zao. Omba daktari na mkalimani wa kike mapema, kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya 5: Yajue machache ambayo daktari wa hapa anaweza kuyapita

Wewe si wa kupima wala kutibu. Lakini daktari wa mji mdogo wa Marekani anaweza kumaliza mwaka mzima bila kumwona mgonjwa wa malaria, na neno lako moja huokoa.

Joto la mwili kwa aliyefika karibuni, au aliyerudi kutembelea ndugu Afrika: sema ametoka wapi na omba apimwe malaria siku hiyo hiyo. Mtoto mwenye homa kali, anayetapika au kupata degedege, piga 911, namba ya dharura, bila kusubiri miadi. Tamka jina la lugha, kaa kwenye simu, wataleta mkalimani.

Madini ya risasi kwenye damu ya watoto ni jambo ambalo wazazi hawajawahi kulisikia, kwa hiyo lieleze taratibu. Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 nyingi zina rangi yenye risasi, na nyumba ambazo wakimbizi wanamudu kodi yake ndizo hizo. Rangi inabanduka dirishani, mtoto anaokota, anatia mdomoni. Mwaka 2000 mtoto wa kike wa miaka miwili kutoka familia ya wakimbizi wa Sudan alifariki katika jimbo la New Hampshire kwa sumu hiyo, wiki chache baada ya kufika. Mtoto hupimwa anapofika, na walio wadogo hupimwa tena baada ya miezi mitatu hadi sita, kwa sababu sumu yenyewe mara nyingi huipata Marekani. Kipimo cha pili husahaulika. Kiandike kwenye kalenda ya ukutani.

Minyoo iitwayo strongiloidesi huweza kukaa mwilini miongo mizima bila dalili yoyote. Dawa yake ni ivamektini, lakini Wakongo mara nyingi hawapewi kabla ya safari, kwa kuhofia minyoo mingine, Loa loa, ambayo huleta madhara makubwa ikikutana na dawa hiyo. Hatari inakuja pale mzee wa pumu au wa baridi yabisi anapoandikiwa prednisoni au dawa nyingine ya kushusha kinga: minyoo ile huzaana ovyo na inaweza kuua. Ukisikia dawa ya namna hiyo inatajwa, uliza, "Ameshapimwa strongiloidesi?"

Mtoto anayelia mifupa, mwenye macho ya manjano, anayeishiwa damu kila mara, mtajie daktari selimundu.

Uchunguzi wa kwanza baada ya kufika hufanywa kwa kawaida kati ya siku 30 na 90. Kama familia iliupita, bado unaweza kuombwa. Kuhusu bima nitasema kidogo tu, kwa sababu masharti yamekuwa yakibadilika tangu 2025: usimjibu mtu kwa ulichokijua mwaka jana. Piga simu uliza kabla ya kila miadi. Na barua yoyote yenye nembo ya bima isitupwe hata kama inafanana na tangazo.

Hatua ya 6: Sikia "mawazo mengi"

Ukimwuliza mtu kama ana ugonjwa wa akili atasema hapana, na pengine hutakaribishwa tena. Kwa watu wetu maneno hayo ni wazimu, ni mtu anayetembea uchi sokoni. Lakini muulize analalaje. "Silalake," atakuambia. "Niko na mawazo mingi." Atakuambia moyo unamwenda mbio, kichwa kinampasuka, mwili unamwaka moto usiku, na vipimo vyote vinaonyesha mzima. Usimwambie hana kitu. Maumivu anayasikia kweli, na hiyo ndiyo lugha aliyonayo ya kueleza yaliyompata.

Lipo dodoso la maswali 15 lililotungwa kwa ajili ya wakimbizi, na lina tafsiri ya Kiswahili. Kliniki nyingi za wakimbizi zinalitumia, na unaweza kuliulizia. Unapomweleza mgonjwa kuhusu mshauri nasaha, mwambie ni mtu aliyesomea kusaidia wenye mawazo mengi na usingizi uliopotea, na kwamba anayemwendea si mwendawazimu. Usiwe wewe wa kumchimba habari za vita. Akianza mwenyewe, sikiliza, usikatize, usihubiri. Akisema amechoka kuishi, muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandi wazo hilo. Kaa naye, piga 988, namba ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, au 911 kama hatari iko mbele yako.

Na mdomo wako uufunge. Jamii ya Wakongo katika mji mmoja ni kanisa moja, kwaya moja, kundi moja la WhatsApp. Usiombe maombi ya hadhara kwa jina la mgonjwa bila ruhusa yake, hata kwa nia njema. Ukivujisha mara moja, hakuna mama atakayekuonyesha kidole penye maumivu tena.

Hatua ya 7: Rudi naye nyumbani, mpaka kwenye chupa ya dawa

Mzee mmoja nilimsindikiza kwa presha. Akapewa vidonge vya siku 30. Mwezi uliofuata presha ilikuwa juu kuliko mwanzo. Alikuwa amevimeza vyote, bila kuruka hata kimoja, kisha akaosha ile chupa na kuwekea chumvi. "Nilimaliza dozi," aliniambia, na alikuwa na haki ya kushangaa. Miaka ishirini kambini alifundishwa kumaliza dozi: ya malaria siku tatu, ya TB miezi sita, ukimaliza umepona. Hakuna aliyemwambia kwamba presha na sukari dozi yake haiishi, na kwamba zile namba ndogo kwenye karatasi ya chupa zinaeleza mara ngapi duka la dawa litamjazia tena.

Tangu siku hiyo nikifika nyumbani kwa mtu siulizi "umeelewa?" Atasema ndiyo kwa heshima. Nasema, "Baba, mjukuu akikuuliza chupa hii ni ya nini, utamjibuje?" Akieleza mwenyewe, nasikia palipopungua. Halafu tunachukua kalamu ya wino mzito: jua kwa dawa ya asubuhi, mwezi kwa ya usiku, sahani kwa ya kumeza na chakula. Tunazungushia duara tarehe ya kujaziwa, siku tano kabla haijaisha, na tunaipigia simu dukani pamoja mara ya kwanza, yeye akishika simu.

Yule mama wa Fizi tulirudi naye kwa daktari wa wanawake, tukiwa na mkalimani wa Uvira kwenye skrini. Alipoulizwa panauma wapi hakusubiri itafsiriwe. Aliweka kidole.